Deni la Saruji

Kwamba fundi alikuwa akidaiwa, hakuna aliyebisha. Majirani walijua, mke wa fundi alijua, na siku ya shauri fundi mwenyewe alisimama akasema, "Ni kweli, mheshimiwa, mzee ananidai." Hata hivyo shauri lilitupwa, na mwenye duka akatoka mahakamani mikono mitupu.

Nyumbani kwake bado wanasema mahakama ilimlinda tapeli. Mimi naona mzee alikuwa na haki safi kabisa, akaiua mwenyewe kidogo kidogo kwa muda wa miaka saba. Kisa chenyewe nimekiunga kutokana na mambo yanayowapata wafanyabiashara wa miji yetu, ndiyo maana hakina majina ya watu. Tumweke mzee wetu Morogoro, kwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kihonda. Sheria zilizomo ndani ya kisa sikuziunga. Hizo ndizo zilizopo Tanzania.

Machi 2016 fundi alichukua mali kauli: saruji, nondo na mabati, jumla shilingi 4,700,000. Alikuwa amepata kazi ya nyumba ya bwana mmoja anayeishi Dar es Salaam, na makubaliano yao ni kwamba bwana huyo angelipa nyumba ikifika kwenye lenta. Mwenye duka akampa mzigo, hesabu akaiandika kwenye kipande cha boksi la misumari. Usidhani hakujua umuhimu wa kuandika. Mzee ni mtu wa msikitini, msahafu ameuhitimu, na anajua vizuri kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Aliona haya tu. Fundi ni kijana wa mtaani, amemwona tangu anacheza gololi; kumsogezea karatasi atie saini aliona ni kumwambia hamwamini.

Mkataba wa mdomo si batili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaupokea, mradi watu wamekubaliana kwa hiari na jambo lenyewe ni halali. Shida yake ni kwamba unaishi ndani ya vichwa viwili, na kimoja kati ya hivyo kinafaidika kikisahau. Kaunta buku moja ingetosha: tarehe, mali, bei, siku ya kulipa, saini ya mchukuaji na ya shahidi mmoja asiye ndugu wa mtu. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na nadhani waliosema hivyo walikuwa watu wa dukani kama huyu.

Desemba 2016 fundi alileta shilingi 500,000. Deni likabaki 4,200,000. Ishike tarehe hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuja kuamua kila kitu.

Baada ya hapo ukimya ukaingia, na ukimya ule ulikuwa na sababu ambayo mwenye duka hakuiuliza. Bwana wa Dar es Salaam alikuwa amefariki. Siku ya maziko ndugu walitangaza, kama ilivyo desturi, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Fundi hakuwepo, na aliposikia akadhani deni limezikwa na mtu wake. Sheria haiko hivyo. Deni la marehemu linadaiwa kwenye mali aliyoacha, kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kazi ya msimamizi ni kulipa madeni kabla ya kugawa urithi. Mjane na watoto hawalipi kutoka mifukoni mwao, ila nyumba ile ya Morogoro ilikuwa sehemu ya mali ya marehemu, imesimama kwenye lenta, na saruji ya mzee wetu iko ndani ya kuta zake. Kama mwenye duka angekaa na fundi wakaulizana, wangegundua kwamba mdaiwa naye ni mdai, na kwamba fedha ya kumalizia deni ipo mahali inapoweza kufuatwa. Badala yake kila Ijumaa baada ya swala mzee alipita nje ya kibanda cha fundi, akasimama bila salamu, akaondoka. Alitaka fundi aone aibu. Aibu haijawahi kukusanya hata shilingi kutoka kwa mtu asiyenayo.

Mwaka 2019 fundi alikuja dukani na shilingi 300,000 ndani ya bahasha. "Mzee, pokea hii kwanza, nyingine nitakuwa naleta kidogo kidogo." Mbele ya wateja, mzee akairudisha ile bahasha juu ya kaunta kwa kidole. "Mimi si ombaomba. Lete hela yangu yote." Fundi akaichukua, akatoka. Wateja wakasifu msimamo.

Hapo ndipo deni lilipopata jeraha la kufa, wala hakuna aliyeona damu. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inampa mdai wa fedha za mkataba miaka sita tu kwenda mahakamani. Saa inaanza kutembea siku deni lilipopaswa kulipwa. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi yenye saini yake, kabla miaka haijaisha, saa inarudi mwanzo. Ile laki tano ya Desemba 2016 ilikuwa tayari imeirudisha. Laki tatu ya 2019, ingepokelewa na kuandikiwa risiti, ingeirudisha tena na kumpa mzee hadi 2025. Kwa mwenye duka zilikuwa chenji. Kwa sheria zilikuwa miaka mitatu.

Bahati ilimjia mara moja nyingine. Mapema 2020 fundi alimtumia ujumbe wa simu, akitaja kiasi chote cha 4,200,000 na kuomba avumiliwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za namna hiyo kupokelewa kama ushahidi, ukionyesha zilikotoka na kwamba hazikuchezewa. Mzee aliusoma, akasonya, akaufuta. Simu yenyewe baadaye ilidumbukia kwenye ndoo ya rangi.

Njia ya polisi aliijaribu 2021. Ana rafiki kituoni, na rafiki akamwambia wamweke fundi ndani kidogo, atalipa. Fundi akalala mahabusu siku mbili kwa tuhuma ya kujipatia mali kwa udanganyifu. Kosa hilo lipo katika Kanuni ya Adhabu, na ni kosa zito, lakini kulithibitisha kunahitaji kuonyesha kwamba siku ile ya Machi 2016 fundi alisema uongo ili apewe mzigo. Kushindwa kulipa baadaye si udanganyifu. Kijana alikuwa na kazi kweli, nyumba ilijengwa kweli, na tajiri wake alikufa kweli. Hapakuwa na jinai ya kupeleka mbele ya hakimu, kwa hiyo siku ya tatu wakamfungulia mlango. Kituo cha polisi si ofisi ya kukusanya madeni, na askari anayekubali kugeuzwa kuwa mkusanyaji anajiweka yeye na aliyemtuma katika hatari ya kushtakiwa kwa kumzuia mtu isivyo halali. Tena mtu aliyelala rumande kwa ajili ya deni hatoki na fedha, anatoka na kinyongo. Fundi alitoka nacho.

Mwaka uliofuata ukawa mwaka wa picha. Kundi la WhatsApp la mtaa lina watu karibu wote wa pale, pamoja na wateja wa fundi. Mzee akabandika picha yake na maneno: TAPELI HUYU, MSIMPE KAZI. Watu wengi wanaamini kwamba ukimdai mtu kweli unaweza kumtangaza utakavyo. Ukweli unakulinda pale unaposema "ananidai". Haukulindi unapomwita mwizi au tapeli, maana hilo ni jambo jingine, na unatakiwa ulithibitishe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ina kifungu juu ya kumsumbua au kumtisha mtu kwa njia ya mtandao. Fundi hakwenda kushtaki. Alipoteza kazi mbili, na pamoja nazo ile fedha ambayo ingeweza kulipa deni. Sijui mdai anayemnyima mdaiwa wake riziki anatarajia kulipwa kutoka wapi.

Desemba 2022 ikapita. Hakuna kengele iliyolia.

Mwaka 2023 mzee alitafuta vijana watatu. Walikwenda kwenye kibanda cha fundi saa moja jioni, wakamsukuma, wakachukua mashine ya kuchomelea na kuipeleka stoo ya duka. "Akilipa ataichukua." Kumdai mtu fedha hakukufanyi kuwa mmiliki wa mashine yake, na kwa jioni ile moja mzee alihama kutoka kwenye kiti cha mdai kwenda kizimbani. Kuingia kwa jinai, kushambulia, kuchukua mali kwa nguvu: mpelelezi alikuwa na orodha ya kuchagua. Yaliisha kwa suluhu kabla kesi haijafika mbali. Mzee aliirudisha mashine ikiwa imepasuka, akalipia matengenezo, matibabu ya bega na siku ambazo fundi hakufanya kazi. Jumla shilingi 1,300,000, zikitoka kwa mdai kwenda kwa mdaiwa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba kitu alichokichukua kwa mabavu hata mahakama isingemruhusu. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ina kifungu kinachotaja vitu visivyokamatwa kulipia deni: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, vifaa vya kazi vya fundi, na nyumba ambamo mdaiwa anaishi na familia yake. Sababu ni ya kibiashara kama ilivyo ya huruma. Ukimnyang'anya fundi mashine umefunga bomba ambalo fedha yako ingepitia. Nyumba iliyowekwa rehani ni habari nyingine. Aliyeweka nyumba yake rehani benki asijifiche nyuma ya kifungu hicho.

Novemba 2023, baada ya kumaliza njia zote zisizo za sheria, mzee akaenda mahakamani. Hakimu akamuuliza malipo ya mwisho yalikuwa lini. Akajibu kwa uaminifu: Desemba 2016. Maandishi? Hana. Miaka sita ilikuwa imekwisha karibu mwaka mzima uliopita. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo kinataka shauri lililochelewa litupwe hata kama mdaiwa hakuleta pingamizi, ndiyo maana kule kukiri kwa fundi hakukuokoa kitu. Hakimu hana hiari hapo. Anahesabu kalenda.

Mtaa huohuo yupo mama anayeuza mchele na maharage kwa jumla. Mteja wake mmoja, mama lishe, aliwahi kukwama na deni la shilingi 900,000. Huyu mama wa nafaka si mpole kuliko mzee, nadhani hata ni mkali zaidi, ila daftari analo, na saini zimo. Kwanza aliandika barua ya madai: unadaiwa kiasi hiki, kwa bidhaa za tarehe hizi, lipa ndani ya siku kumi na nne au nitakwenda mahakamani. Nakala akabaki nayo, na mpokeaji akasaini kwamba ameipata. Baadhi ya madeni huishia kwenye barua hiyo, kwa sababu mdaiwa anaona kwa mara ya kwanza kwamba mwenzake hatanii. Lile halikuishia hapo.

Mahakama ya mwanzo inasikiliza madai ya fedha yatokanayo na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Yakizidi, unapanda mahakama ya wilaya. Milioni nne za mzee zilikuwa zinaenea kabisa. Lugha yake ni Kiswahili, na kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa humo, mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 2021. Mpaka leo mtu anaweza kujieleza mwenyewe na akaeleweka. Mama alifungua madai, akalipa ada, mama lishe akapelekewa wito. Angekaidi wito, shauri lingeweza kusikilizwa upande mmoja na hukumu ikatoka bila yeye. Kuukimbia wito ni ujinga ambao wadaiwa wengi huuita ujanja. Mama lishe alikuja. Alikubali deni, akaomba alipe kwa awamu, mahakama ikaandika shilingi 100,000 kwa mwezi.

Nisimpambe mama huyo. Mwezi wa tatu na wa nne hakuona kitu, akalazimika kurudi kuomba kukazia hukumu. Hukumu ni karatasi. Haitembei yenyewe kwenda mfukoni mwa mtu. Mshindi ndiye anayeisukuma, kwa kuomba mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa kwa mnada, na anayekamata ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi, si kijana wa kukodi. Dalali alipofika na orodha, friji kubwa ya soda ikiwa ya kwanza, awamu zilizoruka zikalipwa siku ileile. Fedha yote ilikamilika baada ya mwaka na zaidi kidogo. Polepole, ndiyo, lakini ililipwa.

Watu huuliza kuhusu kifungo. Katika mahakama zinazofuata Sheria ya Mwenendo wa Madai, mdaiwa aliyeshindwa kesi anaweza kuwekwa gereza la madai, lakini si adhabu ya umaskini. Kifungo hicho kinawahusu hasa wanaoweza kulipa na wanakataa, au wanaoficha mali. Kisha lipo sharti linalowapoza wadai wengi: anayeomba mtu afungwe ndiye anayelipia posho ya chakula chake huko ndani. Akitoka, deni bado liko palepale.

Na kama una mdhamini, usidhani lazima umsubiri mdaiwa ashindwe kwanza. Dhima ya mdhamini inalingana na ya mkopaji, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Nawaambia hasa wale wanaosaini udhamini kwenye sherehe, sahani ya pilau ikiwa mapajani.

Huko Kenya wana mahakama ya madai madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Nairobi Aprili 2021. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja za huko, na sheria inataka shauri limalizwe ndani ya siku 60. Miaka sita ya ukomo kwa deni la mkataba ipo kwao pia, kwa hiyo saa ingemwishia mzee wetu hata Mombasa.

Yale ya mikopo ya "kausha damu" nayagusa tu, maana ni jinai inayojitegemea. Mzee alikopesha mali bila riba, hakuhitaji leseni ya mtu. Anayefanya biashara ya kukopesha fedha kwa riba bila leseni anavunja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na akija mahakamani kudai riba yake atakuwa anaomba msaada kwa biashara ambayo sheria imeikataza. Ndiyo sababu wengi wao hawaendi mahakamani. Wanashikilia kadi za benki za walimu na namba zao za siri, wanabeba magodoro. Aliyebebewa godoro namna hiyo naye ana pa kwenda kushtaki, ingawa ni wachache wanaothubutu.

Nirudi kwa mzee. Baada ya shauri kutupwa alipata ushauri wa bure kwa wakili mmoja, na akaambiwa jambo ambalo lilimkasirisha kuliko hukumu. Deni lililopitwa na muda halijafutika. Limepoteza tu mlango wa mahakama. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba kinatambua ahadi mpya ya kulipa deni la namna hiyo, lote au sehemu yake, mradi ahadi iwe ya maandishi na imesainiwa na mdaiwa. Karatasi hiyo ikipatikana, ni mkataba mpya, na miaka sita mipya. Ila hakuna wa kumlazimisha fundi kuiandika.

Kwa hiyo mzee alikwenda kwenye kibanda, mchana, peke yake. Fundi hakukataa. Alisema atasaini, ila si milioni nne na laki mbili. Alitoa daftari lake, maana naye siku hizi anaandika, akaonyesha kazi mbili zilizopotea kwa ajili ya ile picha na bei ya kila moja. Akasema anaweza kuahidi milioni mbili na nusu, kwa miezi ishirini na mitano, na kwamba kabla ya saini mzee aandike kwenye kundi la mtaa kwamba fundi si tapeli. Mzee ameomba apewe wiki moja ya kufikiria.